Diski ya Kufutika au ya Milele? Mwongozo kwa Mpiga Video wa Ukoo

Hongera. Shemeji aliyerudi kutoka Uingereza amekuachia kamera yake ya video, ile inayomeza diski ndogo za sentimita 8, na kuanzia Kemondo mpaka Nshamba hakuna ndugu ambaye hajapigiwa simu. Kamera za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 2000, Hitachi wakiwa wa kwanza, na dunia ilishahamia kwenye simu zamani. Hilo usimwambie mtu. Muleba mwenye kamera ni mwenye kamera, na kiti chake kiko mbele, karibu na sahani za ndizi.

Tatizo lako ni diski. Ziko za aina mbili. Ya R huandikwa mara moja tu, ya RW unaifuta na kurudia. Zote mbili huchukua gigabaiti 1.4, yaani dakika 20 kwa picha safi, 30 kwa picha ya kawaida, na 60 kwa picha ambayo bibi harusi na mpambe wake huwezi kuwatofautisha. Ndani ya R kuna tabaka la rangi ambalo mwanga wa leza huliunguza, na kilichoungua kimeungua. Ndani ya RW kuna mchanganyiko wa madini unaoyeyushwa na kupozwa upya kila unaporekodi, na watengenezaji wanakuahidi kiasi cha mara 1,000.

Sasa atakuja binamu yako mwenye hesabu kali akuulize: kwa nini ununue diski kumi za R wakati RW moja inatosha harusi elfu moja? Mkubalie. Kisha muulize zile 999 za mwanzo ataziangalia wapi.

Lakini ubora mkubwa wa R ni wa kisiasa, na hapo ndipo mwongozo huu unapokutetea. Harusi ikiisha Jumamosi, Jumapili baada ya misa foleni inaanza mlangoni kwako. Shangazi wa Kamachumu anataka kiondolewe kile kipande anamoonekana akifungua bahasha ya zawadi kidogo, achungulie, aifunge, kisha aitoe kwa vigelegele. Baba mkwe anataka ifutwe hotuba aliyoitoa baada ya rubisi ya pili, alipotaja mali zote alizopokea na zile ambazo bado anadai. Mjomba wa Rubya hana la kufuta, ila angependa aongezwe.

Ukiwa na RW huna utetezi. Kitufe cha kufuta kipo, kila mtu anajua kipo, na ukigoma unakuwa mtoto asiye na adabu. Ukiwa na R mambo ni rahisi:

“Shikamoo shangazi. Ningekufutia, tena leo hii. Ila diski yenyewe haifutiki.”

“Marahaba mwanangu. Haifutiki hata kidogo?”

“Hata aliyeitengeneza hawezi, shangazi.”

Ataondoka akiwalaumu Wajapani, na heshima yako itabaki palepale.

RW usiitupe, ina kazi zake. Jifunzie nayo kushika kamera, maana mwezi wa kwanza utarekodi viatu vyako. Wape watoto. Nenda nayo Kaitaba: Kagera Sugar wakishinda, unahamishia mechi kwenye R; wakifungwa nyumbani, Jumatatu diski ni tupu na wewe hukuwa uwanjani.

Kuhusu urefu wa shughuli zetu, kuwa mkweli na nafsi yako. Aliyeamua kwamba nusu saa inatosha diski hakuwahi kumsikia mshenga wa Kihaya akijieleza alikotoka, nani alimtuma, na kwa nini ametumwa yeye na si mwingine. Diski itajaa kabla hajafika kwenye jina la binti. Tena kamera haikuachii diski papo hapo. Inajifungia kwanza iandike mambo yake, na wewe umesimama umeikodolea macho. Hapo ndipo mahari hupokelewa. Badilisha diski wakati MC anataja wachangiaji, hata kama hajafika kwenye jina lako.

Harusi za Novemba zina sheria yake moja. Ukiwasha ile taa kubwa ya video usiku, senene wataiona kabla ya wageni, na wageni watawaona senene kabla ya bibi harusi. Utarekodi diski nzima ya watu wenye suti wakiruka juu ya viti na mifuko mkononi. Tumia R. Mtu atakataa kwamba alikuwepo.

Kuna jambo moja ambalo halina utani ndani yake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba nyingi Bukoba na wilaya za jirani, likabomoa mpaka madarasa na mabweni ya Ihungo na Nyakato. Zipo nyumba ambazo leo zinaonekana tu nyuma ya maharusi wanaokata keki: ukuta wenye picha ya Kardinali Rugambwa, dirisha la bluu, baraza ambalo babu alikuwa akiwapa wageni kahawa ya kutafuna. Hakuna aliyekusudia kuurekodi ukuta. Waliotumia RW walikwisha kuurekodia kipaimara juu yake. Kwa hiyo ukienda kwa wazee, hata kama ni kusalimia tu, weka R, na usione aibu kuzungusha kamera polepole kuanzia mlangoni.

Baki la mwongozo ni ufundi. Diski ikijaa lazima uifunge kwenye menyu ya kamera, la sivyo deki ya nyumbani haitaisoma. Wakati wa kuifunga chomeka kamera ukutani na betri ikiwa imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, nawe betri yako imechoka, diski inaweza kuwa kioo cha kunyolea ndevu. RW hurudisha mwanga kidogo kuliko R, ndiyo sababu deki za zamani huikataa hata ikiwa imefungwa vizuri. Usiipige deki ya watu makofi. Diski iweke kwenye kile kishimo kidogo cha katikati ya trei. Redio ya gari isiyo na trei usiilishe diski hii kabisa, itaimeza na haitairudisha. Wala usiache R juu ya dashibodi ya Noah mchana kutwa, jua huila ile rangi.

Mwisho ni kugawa nakala. Wazazi wa pande zote mbili wape R zilizofungwa na kujaribiwa. Yule ndugu wa Bukoba mjini aliyeahidi mchango mpaka leo hajatoa, mpe R ambayo hujaifunga. Mpe kwa mikono miwili, ndani ya bahasha nzuri. Akipiga simu kwamba haionyeshi kitu, mwambie asafishe deki.