Mashine ya Manchester Ndani ya Probox ya Keroka

Vipakatalishi, yaani zile kompyuta za kukunjwa ambazo kila mtu huziita laptopu, vinavyouzwa madukani katika miji ya Kisii na Nyamira ni vya koo mbili zisizosalimiana. Ukoo wa kwanza ni wa vifaa vipya vya bei nafuu, vyenye mwili wa plastiki, vinavyotoka kwenye boksi vikiwa vimefunikwa nailoni ambayo mnunuzi mwenye adabu haibandui hadi mwaka wa pili. Ukoo wa pili ni wa vifaa vya kiofisi, kama vile ThinkPad, Latitude na EliteBook, vilivyoundwa kwa ajili ya makampuni, vikatumika Ulaya kwa miaka kadhaa, kisha vikastaafishwa na kuletwa Kenya, ambako wauzaji huviita ex-UK hata kama vimetoka Uswidi. Kwa kuwa bei za koo hizi hukaribiana, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii aliyepata mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), au mwalimu wa Nyamira anayetakiwa kujaza mtandaoni fomu za TSC (tume ya kuajiri walimu), hulazimika kuchagua kati ya kijana asiye na nguvu na mzee asiye na pumzi.

Udhaifu wa kijana huanzia tumboni. Hifadhi yake huwa ya aina ya eMMC, yaani chipu iliyochomelewa kwenye ubao mkuu badala ya diski inayoweza kuchomolewa na kubadilishwa, na aghalabu haizidi gigabaiti 64, ambazo sehemu yake kubwa hukaliwa na Windows kabla mwenyewe hajahifadhi hata picha za ng'ombe wa mahari. Sasisho la Windows likija, hudai nafasi ambayo haipo, na kwa sababu ambazo sayansi haijazieleza, hupenda kuja usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu.

Tatizo la pili ni bawaba, yaani vile vyuma viwili vinavyoshikanisha skrini na kibodi, ambazo katika vifaa vya bei nafuu hufungwa kwa skrubu zilizokita kwenye plastiki tupu. Hapo ndipo Toyota Probox inapoingia katika uchunguzi huu. Gari hilo liliundwa kubeba watu watano, lakini baina ya Kisii na Keroka, mji uliokaa juu ya mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira, hesabu hiyo huchukuliwa kama pendekezo tu, na begi lenye kipakatalishi hujikuta limepakatwa na abiria ambaye naye amepakatwa na mwingine, huku mkungu wa ndizi ukiwaegemea wote. Vifaa vya kiofisi hujisifu kwamba vimefaulu majaribio ya MIL-STD-810, kanuni za jeshi la Marekani zinazopima jinsi kifaa kinavyostahimili kuanguka, kutikiswa, vumbi na unyevu, na ni lazima ikubaliwe kwamba fremu zao za metali hushuka Keroka zikiwa nzima mara nyingi zaidi kuliko plastiki. Hata hivyo, jeshi hilo halikupima uzito wa mama mwenye debe la mahindi.

Mvua nayo ina hukumu yake. Kisii iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yenye unyevu inayopanda kutoka Ziwa Viktoria hugeuka mvua ya radi alasiri nyingi za mwaka, kiasi kwamba stima ikipotea saa kumi hakuna anayeuliza kwa nini. Wakati huo kijana hulipiza kisasi: prosesa yake ndogo, kwa mfano Celeron N4020, imepangiwa wati 6 tu, na betri yake ni mpya, kwa hiyo huendelea na kazi hadi usiku, ilhali mzee, ambaye prosesa yake ya Core i5 imepangiwa wati 15 na betri yake imechakaa kwa kujazwa na kumalizwa na mhasibu wa Manchester, huzimika kabla sentensi haijafika kituo. Kwa upande wa sauti koo zote mbili ni sawa, kwani mvua ikipiga mabati hakuna spika ya kipakatalishi inayosikika, na mkutano wa mtandaoni hugeuka maonyesho ya watu wanaotikisa midomo.

Chai ikimwagika, na katika kaunti inayolima majani chai kama Nyamira jambo hilo haliepukiki, mzee hurudisha heshima yake. Miundo mingi ya ThinkPad ina mifereji chini ya kibodi inayopitisha kimiminika hadi nje kupitia matundu ya chini, kwa hiyo mashine huokoka ingawa meza na suruali haviokoki. Kinachobaki ni sukari, inayofanya herufi moja igande na kumlazimisha mwalimu kuandika ripoti nzima bila kutumia “k”.

Mzee, hata hivyo, hajasahau kwao. Plagi ya chaja yake haina shida, kwa maana Kenya na Uingereza hutumia tundu moja la pini tatu, lakini kibodi ya Uingereza iliyowekewa mpangilio wa Kimarekani huonyesha alama moja na kuandika nyingine, ndiyo maana barua pepe za kaunti hizi hujaa alama za kunukuu mahali palipostahili @. Kibaya zaidi ni nenosiri la BIOS, yaani programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows, ambalo likiwa liliachwa na mwajiri wa zamani, mashine hukataa mabadiliko yoyote ya mipangilio hiyo ya msingi hadi iruhusiwe na mtu aliyeko Manchester.

Kwa mchonga mawe wa Tabaka, huko Kisii, kijana ndiye bora: mara nyingi hana feni, kwa hiyo hakuna cha kuufyonza ndani unga wa mawe ya sabuni. Kwa wengine wote mzee anashinda, mradi prosesa yake ya Intel iwe ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za vizazi vya kabla ya hapo. Basi msomaji anayeelekea dukani na aende asubuhi, achomoe chaja na kukitumia kifaa kwa nusu saa mbele ya muuzaji, aingie kwenye BIOS aone kama ataulizwa nenosiri, aandike @ mara moja, na asilipe kabla ya hayo yote.