Kilo Mbili za Sukari

Hongera, msomi wetu wa Kitale, kwa kuomba ruzuku ya kutafiti tohara kule Bungoma. Bajeti tumeiona: kompyuta mpya, kamera, bima, kongamano Ulaya. Mzee mwenye habari zenyewe umemtengea sukari kilo mbili, na bado unamdai stakabadhi!

Wafadhili nao hawana haraka. Lakini Wabukusu wa huko Bungoma hutahiri vijana wao Agosti ya mwaka wa shufwa: 2024, 2026. Pesa zikiingia 2027, utakuta vidonda vimepona na busaa imekwisha. Angalau kibali cha utafiti cha NACOSTI utakuwa nacho, alhamdulillahi.

Tangu mwanaanthropolojia Günter Wagner awatafiti Wabukusu miaka ya 1930, wazee wameshawazoea wenye madaftari. Mwongezee mzee kilo ya tatu, bwana.