Sifa za Mbawakawa wa Mizinga

Abiria wa stendi ya Msamvu, mnaoelekea Dodoma, Iringa na Dar es Salaam, tegeni sikio kabla basi halijajaa. Nyuki mmemsifu vya kutosha. Leo zamu ni ya mbawakawa mdogo wa mizinga, mdudu wa kahawia iliyokolea, milimita 5 hadi 7, asiye na kazi wala aibu.

Ukoo wake ni bora: mzaliwa halisi wa Afrika kusini mwa Sahara. Wataalamu walimsajili mwaka 1867, wakamwita Aethina tumida.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Sisi tunaisema tu, yeye ameitekeleza. Hunusa mzinga, akaingia bila hodi. Nyuki wetu, kwa ukali wao, humsukumia kwenye ufa, wakamzungushia ukuta wa gundi yao na kumwekea walinzi. Je, hufa njaa? Thubutu! Humpapasa mlinzi mdomoni kwa vipapasio, kama nyuki aombavyo chakula kwa mwenzake, naye mlinzi hucheua asali, mfungwa akashiba. Watafiti waliyaeleza hayo Afrika Kusini mwaka 2002. Hata mpiga debe wa stendi, anayedai chake kwa abiria aliyekwisha kukata tiketi, walau hukauka koo kwa kupiga kelele.

Tazameni na uzazi wake. Jike hutaga nyufani. Mabuu hutoboa masega, wakala asali, chavua na majana. Asali inayobaki huchacha, ikanuka machungwa yaliyooza. Wakishiba, huteremka ardhini kugeuka wakubwa, wakamwachia mwenye mzinga usafi.

Na safari amesafiri! Mwaka 1998 alitambuliwa Florida, 2002 Australia, 2014 Italia, pasipo pasi wala viza. Nyuki wa Kizungu hawakuzoea kumdhibiti, wakaona cha mtema kuni.

Wenye husuda watasema ni mharibifu. Nyumbani Afrika ni mara chache kuliangusha kundi lenye nguvu. Hungoja lililodhoofika au masega yaliyoachwa wakati nyuki wamehama. Basi ni mkaguzi asiyedai posho. Wafugaji wa Uluguru, zibeni nyufa, ondoeni masega yaliyotelekezwa, na makundi yenu yawe na nguvu. Mkifanya hivyo, atabaki mfungwa anayelishwa. Mkizembea, atakuwa mwenye nyumba.