Wagonga Kuta

Mnunuzi wa nyumba, kabla hajauliza bei, hugonga ukuta. Nimewaona wa kila aina, wenye tai na wenye kanzu, waliokuja na gari na walioshuka kwenye bodaboda. Wote wakifika sebuleni kwa mama hukunja kidole, wakagonga ko, ko, ko, kisha wakatikisa kichwa kama daktari aliyesikia jambo kifuani mwa mgonjwa. Wanasikia nini humo? Tofali ni za inchi sita, zimepigwa lipu na kupakwa rangi. Hata fundi aliyezipanga akigonga hapo atasikia kidole chake tu.

Nyumba yenyewe ilikuwa Kimara, upande wa kilimani, juu ya Barabara ya Morogoro. Mama aliijenga kidogo kidogo, tofali mwaka huu, bati mwaka ujao, mpaka ikaisha. Sasa magoti yake yaligoma kupanda kilima, akaamua kuiuza arudi kwao Muheza. Ndugu zangu wana kazi za ofisini. Mimi kazi yangu ni kuandika, yaani machoni pa ukoo sina kazi, hivyo nikateuliwa kukaa na wageni. Kutafuta wateja akaachiwa dalali.

Dalali wetu alikuwa kijana wa viatu vyeupe na maneno mengi. Alizunguka vyumba vyote, akatoa amri. Kuku waondoke. Kapeti likunjwe, marumaru zionekane. Taa ziwashwe hata saa sita mchana, jipsam ipate kung'aa. Simtanki lijazwe, maana mteja wa Kimara hawezi kuondoka bila kufungua bomba. Kisha akatusomea tangazo lake: vyumba vinne, kimoja masta, sebule kubwa, jiko lenye makabati, fensi, geti, pevingi mpaka mlangoni, maji na umeme vipo, dakika tano kutoka lami.

"Dakika tano za nani?" mama akauliza. "Kushuka ni robo saa. Kurudi ni nusu saa, maana kurudi ni kupanda."

"Mama mkubwa, dakika tano ni lugha ya biashara."

"Vizuri. Na mimi asilimia yako nitakupa kwa lugha ya biashara."

Dalali akafuta, akaandika "karibu na lami".

Mteja wa kwanza kunikaa kichwani alikuwa mama wa makamo aliyejitanda khanga juu ya gauni. Dalali alimwonesha mlango wa sebule, yeye akapinda kona, akaenda zake nyuma ya nyumba. "Ndani nitaona mwisho," alisema. Akachuchumaa, akatazama rangi ya ukuta kwa chini, akaipapasa, akanusa kiganja. Halafu akauliza swali ambalo dalali hakuwa amejiandaa nalo.

"Vyura wanalia upande gani?"

"Mama, mtaa huu hauna vyura," dalali akajibu. "Mtaa huu una wasomi."

Akaomba ndoo ya maji. Nilipomletea, akaimwaga yote kwenye pevingi, akasimama kuangalia. Maji yakasita kidogo, yakajadiliana, yakachagua njia. Njia yenyewe ilipita kwenye viatu vyeupe vya dalali. Mama yule hakumwona hata dalali akiruka, alikuwa anayafuata maji mpaka kwenye mpaka wetu na jirani.

Baadaye, akinywa chai, alitueleza kwamba alikuwa akikaa bonde la Msimbazi, karibu na Jangwani, ile Desemba ya 2011 mafuriko yalipoingia majumbani. Wenzake wengi walipewa viwanja Mabwepande wakaanza upya huko. Tangu hapo, alisema, mtu akimwambia nyumba ina jiko la kisasa, yeye hutaka kujua maji yakija yatafika kabati la chini au la juu. Na nyumba huja kuiona masika, si kiangazi, kwa sababu kiangazi kila bonde ni uwanja wa mpira.

Hukumu yake ilikuwa fupi: "Maji yenu yanakwenda kwa jirani. Siku jirani akijenga ukuta, yatarudi." Akatoka, akagonga geti la jirani, akamuuliza kama ana mpango wa kujenga ukuta. Jirani hakuwa na mpango wowote. Alikuwa ameishi na sisi miaka yote kwa ua wa michongoma bila kuwaza ukuta. Lakini sasa mtu amekwisha kumuuliza, na mwanamume akiulizwa kama ana mpango, atautafuta. Kabla wiki haijaisha, lori likamwaga mchanga mbele ya nyumba yake.

Waliofuata walikuwa bwana na bibi harusi, bado wana hina na haya. Dalali alifurahi: wapya hawa, hawajui vyura. Lakini nyuma yao alishuka mama wa bwana, na bibi harusi nilimwona akihesabu milango kimyakimya. Wawili hao walikuwa bado wanakaa kwa wazazi wa bwana. Kila chumba alichoingia, binti alipima umbali wake kutoka chumba kingine kwa hatua. Alipofika kile cha uani, kilichojitenga, chenye mlango wake na choo chake, uso ukamng'aa. "Hiki kingefaa kwa wageni," akasema kwa adabu kubwa.

Mkwewe wakati huo alikuwa masta, ameketi kitandani kwa mama, anajaribu godoro. "Hiki changu," akatangaza. "Nyie vijana hamhitaji choo cha ndani."

Waliondoka bila kuuliza bei. Bwana alitazama mbele njia nzima, hakugeuza shingo kulia wala kushoto.

Kisha akaja mzee wa futikamba. Huyu hakushuka kwenye bodaboda. Alifika getini, akaona ukuta wetu wa nje, akamwambia dereva, "Geuza." Watoto wa mtaa walikuwa wamechora goli pale kwa rangi nyekundu, na mmoja wao, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akalikata kwa mistari miwili. Mzee alikuwa ameona X.

Aliyeishi kandokando ya barabara ile hahitaji kuelezwa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara, na kabla ya tingatinga hutangulia mtu mwenye kopo la rangi nyekundu. Leo hapo pana njia nane, magari yanapita yanateleza, na mzee alituonesha kwa kidole, kutoka kilimani, njia ya ngapi imepita juu ya sebule yake. Ilibidi mama amwite mchoraji wa lile goli, mtoto wa darasa la tatu, aje kukiri mbele ya mteja. Ndipo mzee akashuka.

Alitaka kuona bikoni zote nne. Tatu zilionekana. Ya nne ilikuwa chini ya banda la kuku, na banda lile, lililosimama miaka mingi kwa kuwa halijawahi kuguswa, liliguswa likalala. Bikoni ilikuwepo. Mzee akaipangusa kwa leso. Halafu akafungua hati, akaisoma kila mstari, mpaka pale panapoonesha muda. Nchi hii ardhi ni mali ya umma, Rais ni mdhamini wake, na mwenye hati hupewa haki ya kukaa kwa miaka 33, 66 au 99.

"Imebaki miaka mingapi?"

"Mingi kunishinda mimi," mama akajibu.

"Na mwenzi wako? Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka aridhie kabla nyumba ya familia haijauzwa."

"Mwenzangu yuko Muheza, makaburini. Ukitaka ridhaa yake, mfuate wewe."

Mzee akaandika kwenye daftari: cheti cha kifo. Hakununua. Alisema anaipenda nyumba sana, ila angependa kuwa mbali zaidi na barabara. Nilimkumbusha kwamba tuko robo saa kutoka lami. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Barabara hukua, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa biashara hii, na dalali hakupenda nilichoelewa. Yeye alikuwa akiuza nyumba kwa vinavyong'aa. Wateja walikuwa wakikimbia nyumba walizotoka. Mtu hasemi hivyo, labda hata mwenyewe hajui. Atakuambia anatafuta vyumba vitatu na nafasi ya gari, lakini miguu yake itamsaliti: itakwenda moja kwa moja mahali alipoumia. Kwa hiyo nikajiwekea utaratibu. Kabla sijafungua geti, namuuliza mgeni swali moja tu: "Sasa hivi unakaa wapi?"

Majibu yalinitosha kujua atakwenda wapi. Aliyesema anakaa mahali ambapo maji hutoka usiku wa manane tu, nilimpeleka kwenye bomba, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena, anacheka peke yake. Aliyesema anapanga chumba kwenye nyumba ya wapangaji wengi, Luku moja, na kila jioni kesi ya nani amepiga pasi, nilimwonesha mita, nikamwambia ni yake peke yake. Akaigusa kwa mkono wa kulia. Kisha akaomba kuona choo. Akaingia, akafunga mlango kwa komeo. Tulisubiri. Dalali akasubiri. Hatukusikia maji wala chochote. Alikuwa ameketi tu mahali ambapo hakuna anayemgongea. Alipotoka alikuwa mtu mwingine, lakini hela hakuwa nayo.

Dalali alisema ninageuza nyumba kuwa hospitali.

Basi usiku mmoja, saa saba, mama akasikia kikohozi nje ya fensi. Akachungulia dirishani. Mwanamume ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho ameyafumba, sikio amelielekeza kwenye ukuta wetu. Mama ana umri mkubwa lakini sauti yake bado ya msichana. Akaita, "Mwizi!"

Neno hilo Kimara halirudiwi mara mbili. Geti la seremala likafunguka, mwenyewe na randa mkononi. Mwalimu mstaafu akatoka na msuli na tochi. Vijana wa bodaboda wakawasha taa za pikipiki. Jirani wa ukuta akaja na koleo lenye zege mbichi. Wanawake walitoka na michi, na mama mmoja na mwiko wenye ugali.

"Mimi ni mteja!" yule bwana akalia, mikono juu.

"Mteja wa nini saa saba usiku?"

"Nimekuja kusikiliza kelele!"

Jibu hilo halikumsaidia. Wa bodaboda walikuwa tayari wamesogea. Bahati yake mjumbe aliwahi, akawazuia, akamtaka ampigie dalali simu mbele ya wote, na dalali akathibitisha, kwa sauti ya usingizi, kwamba ndiyo, ni bosi wake huyo, ila ziara ilikuwa ya kesho saa nne. Ugomvi ukaisha, chai ikapikwa, na ndoo yake akarudishiwa.

Nikamuuliza swali langu: sasa hivi anakaa wapi? Akasema anakaa nyuma ya baa. Hiyo peke yake angeivumilia. Lakini mwisho wa wiki huongezeka kigodoro, ngoma na vyombo vya muziki mpaka alfajiri, na watu wazima wanakata viuno barabarani kama vile Jumatatu imefutwa. Mchana dalali yeyote atakuonesha mtaa umetulia. Ndiyo maana nyumba yeye huja kuisikiliza usiku, na dalali hamwambii.

"Sasa umesikia nini?" mama akamuuliza.

Akatazama uani, kwa seremala, kwa mwalimu, kwa mama wa mwiko. "Kule kwangu," akasema, "mke wangu naye aliita mwizi. Muziki ukamzidi. Mwizi akaondoka na televisheni anatembea. Nyie mmetoka wote."

Alinunua. Marumaru hakuziona, maana tulisahau kukunja kapeti. Ukuta hakuugonga hata mmoja. Dalali alipopokea asilimia yake alibaki anaangalia juu, kwenye jipsam, akiwa na uchungu wa mtu aliyewashia taa bure mchana wote ule.

Mama tulimpeleka Muheza kutafuta nyumba yake. Ya kwanza tuliyooneshwa ilikuwa mpya, bati la msauzi, madirisha ya alumini, sakafu unajiona uso. Mama aliingia akatoka. Alikwenda jikoni tu, akafungua dirisha, akakuta ukuta. Nikakumbuka kwamba ukuta wa jirani wa Kimara ulikuwa umekamilika, umesimama sawasawa mbele ya dirisha lake la jiko, na miezi ya mwisho mama alikuwa akimenya vitunguu mbele ya zege. Sikuhitaji kumuuliza anatoka wapi.

Ya pili ilikuwa nyumba ya zamani, bati lina kutu, mlango wa mbele unafunga ukiuinua. Ila ilikuwa na kibaraza kinachotazama njia ya kwenda sokoni. Mama akaketi hapo kabla hajakaribishwa.

"Mama," nikasema, "ile nyingine ina marumaru vyumba vyote."

"Zitanisalimia?"

Tukabadilisha bati, tukarekebisha mlango. Mama sasa anakaa kibarazani tangu chai ya asubuhi, anapokea shikamoo za watoto wa shule na habari za wauza machungwa, na nyumba yake ameshapata wanaoitaka watatu. Hawauzii, lakini anawakaribisha wote, wanagonga ukuta, anawamiminia chai. Hivi sasa hakuna mpita njia hata mmoja wa soko la Muheza asiyejua bei tuliyouzia Kimara.