Namna ya Kuisoma X Uliyochorewa Ukutani

Umeamka asubuhi, Buhongwa au Igoma, umekuta X nyekundu kwenye ukuta wa duka na rangi bado inachuruzika. Tulia. Alama moja haina maana moja, na makarani wa Iraki ya kale waliishi na taabu hiyo kwenye vibao vya udongo kwa takriban miaka 3,000.

Nao walikuwa na X yao: michoro miwili ya tete iliyopishana, ambayo wataalamu huiita PAP. Msumeri akiisoma "kur" alimaanisha kitu kigeni, hata adui. Waakadi waliirithi pamoja na maana zake, wakaongeza za kwao. Katika jina la mfalme Esarhaddon husomwa "ahu", ndugu. Katika la Ashurnasirpal husomwa "nasir", mlinzi. Chini ya orodha ya mali, X hiyohiyo ni jumla. Kwa hiyo usiwahi kumwita aliyekuchorea adui. Huenda ni ndugu, kaja kukulinda, au anapiga hesabu zake tu.

Sasa tazama majirani wa alama, maana karani hakuisoma ikiwa peke yake. Kama pembeni uliandika NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI, siku ile shemeji alipoleta wateja, X inathibitisha maneno yako: kweli haiuziki tena. Ikiwa chini yake kuna BOMOA, maana zinapungua ghafla. Mwanao wa darasa la tatu atasema umekosa swali. Mwalimu wa hesabu atakwambia utafute thamani yake, na huyo ndiye wa kumsikiliza.

Kisha rangi. Makarani walikuwa na alama zisizotamkwa, za kumwelekeza msomaji tu. Jina la samaki lilifuatiwa na alama ya samaki. Wangekuwa sokoni Mwaloni Kirumba, wangeipachika nyuma ya sato, sangara na furu, wakaimeza. Kwenye barabara kuu kazi hiyo inafanywa na rangi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ukiwa ndani ya zile 22.5 za zamani, umeifuata barabara: nyekundu, fidia hakuna. Ukiwa kwenye nyongeza na ulijenga kabla ya sheria, barabara imekufuata wewe: kijani, subiri malipo. Kununua kopo la kijani usiku hakusaidii. Wachora X wana futi kamba.

Bado una shaka? Mwaka 1857, kwa kuwa wengi hawakuamini kwamba maandishi hayo ya vibao, yenye alama za maana nyingi, husomeka, wataalamu Rawlinson, Hincks, Oppert na Talbot walipewa andiko moja la mfalme Tiglath-Pileser I. Kila mmoja alilitafsiri kivyake na kuifunga tafsiri yake kwa lakiri. Bahasha zilipofunguliwa London, tafsiri zilikaribiana kwa jumla. Nawe gawa bahasha kwa mwenyekiti wa mtaa, fundi rangi, wakili na shemeji. Watatu wa kwanza wakikubaliana, anza kung'oa bati leo. Lililotoka kwa nyundo lina bei zaidi kuliko lililopitiwa na katapila. Shemeji atakuwa ameisoma "jumla", naye atataka kujua fungu lake ni lipi.