Sebule Iliyoota Mbawa

Mbao zinazopita Beni ni nyingi kuliko zinazobaki. Malori yaliyosheheni libuyu na muvula hutoka upande wa Mambasa na Mangina, siku ambazo usalama wa barabara unaruhusu, yakakata Beni na kuteremka Kasindi mpakani. Ng'ambo ni Mpondwe, Uganda, na mbele ya hapo ni Kampala na Nairobi, ambako mbao hizo hugeuka vitanda, milango na meza za mikutano. Butembo nayo, iliyo kilometa hamsini na kitu kusini mwa Beni, inakanyaga vigae. Wafanyabiashara wake walishazoea njia ya Dubai na Guangzhou, na vigae vyao hupanda kutoka bandari ya Mombasa kwa barabara ileile zinayoshukia mbao. Mti unakwenda, udongo uliochomwa unakuja, na pale Kasindi madereva wao hupigiana honi.

Mwenye nyumba mmoja wa Kimemi, katikati ya Butembo, aliamua kuukatisha msafara huo. Jina lake linahifadhiwa, kwa kuwa nyumbani kwake shauri bado halijaisha. Alikuwa amekwenda Brussels kumsalimia ndugu, akalala kwenye chumba chenye sakafu ya mbao inayong'aa, na asubuhi akaambiwa kwamba ule ni mti wa afrormosia. Afrormosia huota katika misitu ya upande wa Kisangani. Ulivunwa mno kwa ajili ya sakafu na mashua za Ulaya, hata mwaka 1992 ukaingizwa kwenye mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa hiyo mtu huyu alisafiri kwa ndege usiku kucha ili akavue viatu kwa heshima mbele ya mti wa kwao.

Akarudi na hoja. Butembo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na ingawa Ikweta iko jirani kabisa, asubuhi zake ni za sweta. Kigae hunyonya joto la unyayo haraka. Mbao haina haraka hiyo. "Mama watoto, hutavaa soksi tena ndani ya nyumba," akasema. Mkewe akajibu kwamba soksi hazijawahi kumsumbua.

Fundi akaitwa, na mbao za libuyu zikaletwa, nyekundu na nzito, zikinukia msitu.

"Zimekauka?" mwenye nyumba akauliza.

"Zimekauka, Patro. Zimekauka kabisa."

Mbao hizo, kwa uzito wake, wiki chache kabla yake zilikuwa bado zikisikiliza nyani. Mti uliokatwa karibuni umebeba maji mengi, na maji yakitoka, ubao husinyaa. Husinyaa kwa upana; urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana sakafu iliyopigwa misumari ikiwa mbichi haifupiki, hutengana. Mvua zilipopungua mwezi wa sita na wa saba, kati ya ubao na ubao ikafunguka mianya. Maharage yakatumbukia, kisha kalamu, kisha kadi ya simu ya shemeji pamoja na namba zote za wadeni wake. Shemeji alilala kifudifudi sebuleni mchana mzima, ameshika waya na tochi.

Fundi hakutahayari. Alisema mianya itajazwa na sakafu itapigwa msasa upya, na kwamba ikishapakwa vanishi hakuna atakayekumbuka. Ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Ulaya na Marekani sakafu husuguliwa kwa mashine nzito yenye ngoma inayozunguka, iliyofungwa msasa, na fundi huitembeza kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mti. Sheria yake ni moja: ngoma ikigusa ubao, miguu iwe tayari inatembea. Ikisimama mahali pamoja kwa sekunde mbili, inachimba shimo la kutosha mchuzi. Mashine hiyo haikupatikana Butembo. Fundi alileta ile ya diski, ya kukatia vyuma, akaivisha duara la msasa, akapiga magoti.

Babu wa mwenye nyumba alitazama kutoka mlangoni. Akakumbusha kwamba wazee wake walilainisha mipini ya majembe kwa majani ya mti wa msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na kwamba majani hayo hayajawahi kudai petroli. Hakuna aliyemsikiliza. Jenereta ilikuwa inanguruma uani.

Jambo la kwanza ni kwamba fundi hakuzamisha vichwa vya misumari. Msasa ulipokutana na msumari wa kwanza ulichanika, ukarusha cheche hadi kwenye kochi. Jambo la pili lilikuwa ubahili. Msasa huenda kwa namba, na namba ikiwa ndogo chembe zake ni kali: mtu huanza na 40 kuondoa mabonde, hufuata 80 kufuta mikwaruzo ya 40, kisha 120 kufuta ile ya 80. Fundi aliona 80 ni gharama ya bure. Akaruka kutoka 40 hadi 120, akapitisha kiganja, akasema, "Sikia, Patro, ni laini." Na kweli, kwa kiganja ilikuwa laini. Mikwaruzo ya namba 40 haionekani kwenye ubao mkavu. Husubiri vanishi iilowanishe, ndipo itoke yote kwa pamoja. Kwa kuwa diski huzunguka, mikwaruzo hiyo ilikuwa miviringo, mamia kwa mamia.

Jambo la tatu ni petroli iliyoisha saa sita. Mashine ikanyamaza. Fundi akaiweka chini bila kuzima swichi yake, akamtuma mwanafunzi wake kununua petroli, naye akaenda kula fufu. Mwanafunzi alirudi, akajaza tangi, akavuta kamba. Uani, jenereta iliwaka. Ndani, kwenye chumba kisicho na mtu, mashine iliamka peke yake. Ilitambaa kuvuka sebule ikijizungusha, ikapita chini ya meza, ikalikamata pazia na kuanza kulikunja kuanzia chini kwenda juu. Mama watoto alifika mlangoni wakati pazia na fimbo yake vinashuka. Mwanafunzi, aliyekuwa nje na hajui lolote, alisikika akiuliza kwa furaha, "Imekubali?"

Vumbi ni habari nyingine. Tangu mwaka 1995, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mabaya yake zaidi huwapata wanaolivuta miaka nenda rudi kwenye karakana. Na fundi aliyezoea muvula anajua kwamba vumbi lake huwasha ngozi na kuchokoza pua muda mfupi tu baada ya kazi kuanza. Fundi huyu hakujifunika pua. Chafya zake zilihesabiwa na watoto wa jirani. Sombe iliyokuwa jikoni ilifunikwa, ila si mapema vya kutosha, na chakula cha jioni kilikuwa na ladha ya msitu wa Ituri.

Vanishi ilipakwa jioni, ili wageni wa mchana wasiikanyage. Mvua ilikuwa imenyesha alasiri. Madirisha yaliachwa wazi harufu itoke, na taa iliachwa inawaka ili fundi aone alipoishia. Mtu yeyote aliyekulia Kivu ya Kaskazini ameshajua kilichofuata. Baada ya mvua, jioni, taa ikiwaka na dirisha likiwa wazi, kumbikumbi hawahitaji mwaliko.

Waliingia kwa maelfu. Waliizunguka taa, wakashuka, wakanasa. Watoto walikuja na beseni la maji kama desturi, maana kumbikumbi wa kukaanga si kitu cha kuacha kipite, lakini hawa walikuwa wamegandishwa. Mtoto wa mwisho alijaribu kumng'oa mmoja, akaacha nyayo tatu ndogo zinazoonekana vizuri mpaka mlangoni. Asubuhi sebule nzima ilikuwa imeota mbawa. Fundi aliikagua kwa utulivu, akasema kwamba ni urembo ambao hata Brussels hawana.

Bado palikuwa na maji. Mwaka 1684, katika kasri la Versailles, Ufaransa, marumaru zilianza kung'olewa na kuwekwa mbao, kwa sababu maji ya kuoshea marumaru yalipenya na kuozesha maboriti yaliyokuwa chini. Mbao hupanguswa kwa kitambaa kilichokamuliwa, basi. Lakini Jumamosi Butembo nyumba huoshwa: ndoo mbili, sabuni ya unga, ufagio, maji yanasukumwa mpaka nje. Matope mekundu ya mji ule hayatoki kwa kubembelezwa. Jumamosi ya kwanza sakafu ilioshwa hivyo, na kufikia Jumatatu mbao zilikuwa zimevimba na kuinua migongo. Kilichofuata ni mlio. Kila aliyepita sebuleni usiku alitangazwa hadi chumba cha mwisho, na mwenye nyumba, aliyekuwa na tabia ya kurudi saa tano, alianza kurudi saa mbili. Mama watoto anakiri kwamba hiyo ndiyo faida pekee aliyoiona.

Mwishowe aliletwa fundi mzee kutoka Mulekera, Beni. Karakana yake hupanga mbao chini ya paa, ubao juu ya ubao, na vijiti katikati ili upepo upite. Aling'oa sakafu yote, akazianika mbao namna hiyo kwa miezi kadhaa, kisha akazirudisha. Alizamisha misumari, akachanganya unga wa mbao na gundi kuziba nyufa, akafuata 40, 80 na 120 bila kuruka hata moja, akasugua kwa mkono kufuata nyuzi. Siku ya vanishi alipaka saa nne asubuhi. Saa kumi na moja alifunga madirisha na kuondoka na balbu mfukoni.

Kwa hiyo msomaji wa Butembo anayewaza kuviuza vigae vyake asimuulize fundi kama mbao zimekauka, kwa sababu jibu linajulikana. Achukue kipande kimoja, akipime kwenye mizani ya dukani, aandike uzito, akiweke ndani mahali penye hewa, akipime tena baada ya wiki mbili. Kama kimepungua, bado kinatoa maji, na fundi arudi nyumbani kwanza. Kama hakijapungua, anunue msasa wa namba zote tatu, na taa ya sebuleni aizime mapema.