Jinsi ya Kushindwa na Bado Ukawa na Takwimu Nzuri

Mwongozo huu ni wa shabiki ambaye timu yake haina kombe mwaka huu, haikuwa nalo mwaka jana, na dalili za mwakani anazijua mwenyewe. Wenye makombe hawatuhusu. Wao kazi yao ni kufuta vumbi tu.

Niko Hull, mji wa bandari mashariki mwa Uingereza, ambako raga si ile ya watu 15 tuliyoikuta shuleni Kenya, wala ya watu saba tunayoipenda zaidi. Hii ni ya 13, na ina heshima zake. Wiki yangu ya kwanza kazini nilitamka mbele ya watu kwamba raga ni raga. Mzee mmoja akaniangalia kama mtu aliyetia sukari kwenye mchuzi wa pweza, akanikalisha chini, akaanza na tarehe: 29 Agosti 1895, hoteli ya George, Huddersfield. Hapo ndipo vilabu vya kaskazini vilipojitenga. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani. Wakienda kucheza Jumamosi wanakatwa mshahara, na vilabu vikataka kuwafidia ile siku. Wakubwa wa chama cha raga wakakataa: mchezo ni wa mapenzi, haulipiwi. Ni maneno matamu hayo, hasa ukiwa umeshiba. Kufika 1906 waliojitenga walipunguza wachezaji wawili kila upande, na ikawa michezo miwili kabisa.

Haya, hatua ya kwanza: chagua timu. Mto Hull umeukata mji vipande viwili. Magharibi ni Hull FC, jezi nyeusi na nyeupe. Mashariki ni Hull Kingston Rovers, nyekundu na nyeupe. Mimi sikuchagua kwa hekima yoyote. Chumba cha bei niliyoiweza kilipatikana magharibi, basi nikawa mweusi na mweupe. Watu wa pande hizi huoana wakivuka mto, kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na jezi mbili kwenye kamba moja ya nguo. Wanaoijua dabi ya Mashemeji kule kwetu hawahitaji maelezo. Hapa hukutana Ijumaa Kuu, siku ambayo Mkristo hutarajiwa kuteseka kidogo.

Hatua ya pili ndiyo fani yenyewe, nitakaa hapo. Jifunze kutaja idadi bila kutaja mahali.

Kombe la Challenge ndilo kombe kongwe la mchezo huu, na fainali yake imekuwa ikichezwa Wembley, London, tangu 1929, ukiacha miaka michache. Ukiulizwa kabla ya 2016 Hull FC ilikuwa imelitwaa mara ngapi, jibu ni mara tatu: 1914, 1982 na 2005. Sema hivyo, kisha omba chai. Usiendelee. Maana ukiendelea utalazimika kueleza kwamba ya 1914 ilichezwa Halifax, Wembley ikiwa bado haijajengwa. Kwamba 1982 tulitoka sare 14-14 na Widnes pale Wembley, mechi ikarudiwa Leeds ndipo tukashinda 18-9. Na kwamba 2005, tulipoifunga Leeds 25-24, fainali ilikuwa Cardiff kwa sababu Wembley ilikuwa imebomolewa ijengwe upya. Yaani ili tushinde, ilibidi uwanja usiwepo.

Ulipokuwepo, tulipoteza 1959, 1960, 1980, 1983, 1985, 2008 na 2013. Saba hizo. Jirani zetu wa mashariki walitutungia wimbo wa kutukumbusha kwamba Wembley si yetu, na sauti hawakukosa.

Ya 1980 ndiyo hairuhusiwi kutajwa mezani. Siku hiyo walikutana Hull na Hull. Mji mzima ulihamia London, hata mtu akaweka bango barabarani kumwomba wa mwisho kutoka azime taa. Watu 95,000 wakajaa uwanjani. Nahodha wa Rovers, Roger Millward, alivunjwa taya mapema tu, akacheza nalo hivyo hivyo hadi filimbi ya mwisho, kisha akapanda ngazi kupokea kombe. Rovers 10, sisi 5. Ukibanwa kuhusu mechi hii, tikisa kichwa useme taya lile liliuma kweli, ubadilishe mazungumzo yawe ya meno.

Hatua ya tatu: fahamu kwamba nambari hazitulii. Tarehe 4 Machi 1905 mtu wa Rovers aitwaye George West alifunga trai 11 na mikwaju 10 katika mechi moja dhidi ya Brookland Rovers. Pointi 53. Katika raga hii ya Uingereza hakuna aliyemfikia mpaka leo. Mtu wa mashariki atakuambia hayo hata hujakaa. Kumbe kalamu ya magharibi nayo ina kazi: enzi hizo trai ilikuwa na thamani ya pointi tatu, ikapandishwa kuwa nne mwaka 1983. Nilipiga hesabu kwenye karatasi ya chipsi nikitaka kumpunguza. Trai 11 mara nne ni 44, ongeza 20 za mikwaju, jumla 64. Nikamwongezea mwenyewe! Karatasi ile niliikunja nikaitupa kabla hajatokea mtu wa Rovers.

Silaha iliyobaki ni kusema kwamba Brookland Rovers walikuwa timu ya ridhaa. Itumie kwa uangalifu. Jim Sullivan wa Wigan alipopachika mikwaju 22 katika mechi moja mwaka 1925, upande wa pili walikuwepo Flimby and Fothergill, watu ambao sijawahi kuwasikia wakitajwa kwa jambo lingine. Huddersfield waliposhinda 119-2 mwaka 1914, waliopigwa ni Swinton Park. Rekodi kubwa nyingi zimesimama juu ya mgongo wa mtu aliyerudi kazini Jumatatu akiwa hawezi kuinama. Ukianza kuchunguza migongo, na yako itachunguzwa.

Kuhusu mahudhurio, kumbuka tarakimu moja tu: 102,569. Ni watu waliohesabiwa Odsal, Bradford, Mei 1954, Warrington ikiifunga Halifax 8-4 katika fainali ya marudiano. Wengine huruka ukuta, kwa hiyo walikuwa zaidi ya hao, na wazee wote niliokutana nao kaskazini walikuwepo.

Hatua ya nne inahitaji utulivu, na hapa naweka kejeli pembeni kwa aya moja. Rekodi ya trai za Hull FC ni 250, na mwenyewe ni Clive Sullivan, mwana wa Cardiff, mtu mweusi, aliyeanza kuichezea klabu 1961. Baadaye alivuka mto, akafunga nyingine 118 akiwa na Rovers, na katika ile fainali ya 1980 alikuwa upande wao, akicheza winga. Mwaka 1972 aliiongoza Uingereza kutwaa Kombe la Dunia huko Lyon, baada ya sare ya 10-10 na Australia. Yeye mwenyewe alikimbia karibu uwanja mzima kufunga trai. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote. Alifariki 1985, umri miaka 42, na barabara kubwa ya kuingilia mjini kutoka magharibi ikapewa jina lake. Nikitoka zamu ya usiku basi langu hupita hapo. Kibao ni cha kawaida tu, kina matope ya malori. Mji huu hugombana kuhusu kila kitu, hata viazi, lakini sijasikia mtu wa upande wowote akimgombea au kumkana.

Kuhusu viazi: kuna kitu hapa huitwa pattie, viazi vilivyopondwa na majani ya seji, vikachovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa. Nilipoonja mara ya kwanza nilijua ni viazi karai vilivyopotea njia. Havina bizari, havina ndimu, havina ukwaju. Ila vinasaidia baada ya kufungwa.

Mjomba wangu wa Mombasa hajaelewa haya yote. Nampigia kila Jumapili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmefungwa tena?"

"Tumefungwa, lakini katika historia..."

"Historia hailiwi, mwanangu." Halafu, bila kupumua, anaanza Gor Mahia na Kombe la Washindi la Afrika la 1987, sare mbili na Espérance, goli la ugenini, na namna alivyorudi nyumbani na kiatu kimoja. Namwacha amalize. Huwa dakika ishirini.

Hatua ya tano ni 2016, na nakushauri uhamie humo na virago vyako. Wembley, Hull FC 12, Warrington 10, saa inakwisha. Ben Currie wa Warrington amevuka mstari, kilichobaki ni kuuweka mpira chini. Danny Houghton akamrukia, akautikisa mpira ukatoka mikononi. Katika takwimu za mechi hiyo imeandikwa kama kukaba 1. Wimbo wa majirani ukafa hapo hapo. Oktoba ya mwaka huo huo Rovers wakashuka daraja, wakifungwa na Salford 19-18 kwa mkwaju wa pointi moja katika muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata tukarudi Wembley, tukaifunga Wigan 18-14. Mtu angeweza kustaafu.

Tatizo ni 2025. Silaha yetu kuu dhidi ya mashariki ilikuwa "tangu 1985", kwa maana hawakuwa wameshika kombe kubwa kwa miaka 40. Mwaka huo wakachukua Challenge kwa 8-6 dhidi ya Warrington, wakamaliza wakiongoza ligi, kisha wakaipiga Wigan 24-6 katika fainali kuu Old Trafford. Matatu kwa msimu mmoja. Sisi ligi hiyo, Super League, hatujawahi kuitwaa hata mara moja.

Hapo ndipo unarudi hatua ya pili. Kazini kuna mama mmoja wa mashariki, makamo ya mama yangu, aliyeingia chumba cha chai na vidole vitatu juu. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia kwa upole kwamba Kombe la Challenge, kwa jumla ya historia, ni matano kwetu na mawili kwao.

"Na ya Wembley?" akauliza.

Nikahesabu. 2016, 2017. Wao 1980, 2025.

"Yetu yote ni ya Wembley, mwanangu," akasema, akasogeza sahani, akaninyunyizia siki kwenye pattie yangu bila kuniuliza.